Umeme Ukirudi Goma

Kituku ni soko na bandari ndogo kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, katika mtaa wa Kyeshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma. Mitumbwi na boti kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi hutia nanga hapo na kushusha mihogo, kabichi, ndizi, makaa na sambaza, yule samaki mdogo aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Watu huja Kituku kununua, lakini wengi zaidi huja kuchota maji. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno yanayomeza mvua yote. Mto haupiti mjini, na maji ya bomba hayafiki kwenye mitaa ya juu mpaka yasukumwe kutoka ziwani kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika siku mbili, bidoni za njano huteremka Kituku kwa baiskeli, kwa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, na kwa migongo ya wanawake.

Ndani ya nyumba, kukatika huko kuna madhara mengine ambayo hayajulikani mpaka umeme urudi. Taa zinawaka, friji inaanza kunguruma, lakini ampulifaya iliyopiga muziki jana imekaa kimya, na kitaa chekundu cha mbele ya runinga hakionekani. Mwenye nyumba husema umeme umeiua. Fundi akifungua kifuniko hukuta mara nyingi kwamba skrini, spika na saketi za sauti ni nzima kabisa. Iliyokufa ni pawa saplai, ile bodi inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti chache tulivu ambazo kifaa kinazihitaji.

Ukifuatilia kazi ya mafundi wa redio na runinga katika mji huu tangu enzi za Zaire, utaona inazunguka dakika hiyo moja, dakika ya umeme kurudi. Vifaa vimebadilika, serikali zimebadilika, na kampuni za umeme zimeongezeka. Dakika hiyo imebaki.

Umeme mkubwa wa kwanza wa Kivu ulitoka kusini. Pale ziwa linapomwaga maji yake kwenye Mto Ruzizi, karibu na Bukavu, Wabelgiji walijenga bwawa lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa karibu megawati 30. Shirika la umeme la taifa, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Mwaka 1983 Zaire, Rwanda na Burundi zikaanzisha kampuni ya pamoja, SINELAC, na bwawa la pili la Ruzizi likafunguliwa mwaka 1989. Umeme huo hufika Goma kwa laini ndefu inayofuata ziwa kutoka Bukavu. Goma, kwa hiyo, ilikaa mwisho wa waya. Jioni watu wote wanapowasha taa na majiko, volti hushuka kwanza kwa yule aliye mwisho. Hitilafu ikitokea popote njiani, yeye ndiye anayebaki gizani.

Kabla ya runinga kulikuwa na redio, na redio nyingi hazikuungwa ukutani hata kidogo. Enzi ya valvu, redio ilihitaji volti 90 au zaidi, na mahali pasipo na umeme volti hizo zilitoka kwenye betri kubwa ya gharama. Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kampuni ya Ever Ready ilitoa mwaka 1949 redio ya betri iliyotengenezwa kwa umbo la sufuria. Redio yenyewe iliuzwa pauni 5, na betri yake peke yake ilikuwa shilingi 25. Waliokuwa na gari walikuwa na njia nyingine. Redio ya gari ilikuwa na kifaa kidogo kilichoitwa vaibreta: ulimi wa chuma uliotetemeka mara mia hivi kwa sekunde, ukiwasha na kuzima umeme wa betri ya volti 6 au 12 ili uweze kupita kwenye transfoma na kupandishwa. Ulimi huo ulilia kama nyuki, ukachakaa, na fundi alijua kuwa vaibreta imekufa kwa kutosikia mlio. Kanuni yake, kukata umeme vipande vipande ili transfoma iweze kuufanyia kazi, ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya kila runinga inayouzwa leo.

Transista ilimaliza shida ya redio. Redio iliyotumia betri nne za tochi ilisikika Idjwi na Masisi sawa na ilivyosikika mjini, na ndiyo iliyobeba Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle iliyofuata mwaka 1963. Kilichoharibika humo mara nyingi ni swichi, waya wa antena au kutu ya betri iliyovuja. Fundi alihitaji lehemu na subira, basi.

Runinga ilikuja na uzito. Matangazo ya televisheni ya Kongo yalianza Kinshasa mwaka 1966. Runinga za zamani, na ampulifaya za wakati huo, zilibeba transfoma ya chuma, donge la mabamba membamba lililozungushiwa shaba, lenye uzito wa kilo kadhaa. Transfoma hiyo ilikuwa na tabia ya kusamehe. Volti za Goma ziliposhuka hadi 160, sauti ilififia na picha ilinywea pembeni. Mwenye nyumba aliona kwa macho yake kwamba umeme ni dhaifu, akazima. Volti zilipopanda ghafla, chuma na shaba vilihimili kishindo kwa sekunde kadhaa kabla fyuzi haijakatika. Fundi alibadilisha fyuzi, pengine dayodi nne, na kifaa kikarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lililoiondoa transfoma ya chuma lilianza Japani. Mwaka 1930 Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Tokyo walipata feraiti, aina ya udongo wa sumaku uliotengenezwa kwa oksidi za chuma, na mwaka 1935 kampuni ya TDK ikaundwa kuutengeneza kwa biashara. Feraiti hufanya kazi vizuri katika masafa ya juu ambako chuma cha kawaida hupata joto na kupoteza nguvu. Ilibaki kupatikana transista yenye kasi ya kutosha na isiyoogopa volti kubwa, na hizo zilishuka bei katika miaka ya 1970. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilitumia pawa saplai ya namna hiyo iliyosanifiwa na Rod Holt, nyepesi na isiyohitaji feni. Watengenezaji wa runinga wa Ulaya na Japani walikuwa njiani kwenda huko huko, na kufikia miaka ya 1980 saketi jumuishi kama TDA4600 ya Siemens na zile za Sanken zenye jina linaloanza na STR zilikuwa zimeenea. Hadi leo fundi wa Afrika Mashariki hutaja namba hizo kwa ulimi mwepesi, kama wengine wanavyotaja majina ya wachezaji.

Kinachofanyika humo ndani hakina uchawi. Umeme wa volti 220 hunyooshwa moja kwa moja na dayodi nne na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, ambako hufika volti 310 hivi. Transista hukata volti hizo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuzipitisha kwenye transfoma ndogo ya feraiti, na upande wa pili dayodi za kasi na kapasita ndogo hutoa volti 5, 12 au 110 kwa kifaa. Kiungo kidogo cha nuru, optokapla, hupeleka habari kutoka upande wa pili hadi wa kwanza: volti zimezidi, punguza, zimepungua, ongeza. Transfoma imekuwa ndogo kwa sababu mgawo wake ni mdogo. Ile ya chuma ilihamisha nguvu mara 50 kwa sekunde, bidoni nzima kila safari. Hii huhamisha kikombe, lakini safari zake ni elfu hamsini.

Kwa mnunuzi, faida ilionekana mara moja: kifaa chepesi, bei ndogo, na kuanzia miaka ya 1990 maandishi ya nyuma yaliyosema volti 100 hadi 240. Maandishi hayo yamewaponza wengi. Ni kweli kwamba pawa saplai ya aina hii hustahimili volti za chini, ila hustahimili kwa gharama. Kifaa kinachohitaji wati 80 kitachukua wati 80 hata kama volti zimeshuka nusu. Ili kufanya hivyo huvuta mkondo mara mbili, na transista na dayodi hupata joto zaidi. Picha hainywei tena, sauti haififii. Runinga huonekana nzima usiku kucha huku ikijipika. Onyo ambalo chuma kilimpa mwenye nyumba limeondolewa, na mji ulio mwisho wa waya ndio uliolihitaji kuliko wote.

Wimbi kubwa la vifaa hivyo lilifika Goma wakati wa misukosuko. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka ndani ya siku chache, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na jenereta zao. Novemba 1996 mji ulitekwa na waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila. Kuanzia Agosti 1998 ukawa makao ya waasi wa RCD. Barabara ya Kinshasa haikuwapo, kwa hiyo mji uligeuza uso mashariki: mizigo ilipita Mombasa, Kampala na Kigali, na wafanyabiashara wa Goma wakazoea safari za Dubai. Runinga za mrija wa kioo, mashine za VCD na baadaye DVD zilizotengenezwa China zikajaa madukani. Ndani yake pawa saplai ilikuwa imepunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa: kichujio cha umeme mchafu kimeachwa, kinga ya volti kubwa haipo, kapasita ni za kuhimili nyuzi 85 badala ya 105.

Jenereta nazo zilikuwa na makosa yao. Ile isiyo na kidhibiti kizuri hupandisha volti mtu anapozima pasi au jiko. Na kwenye nguzo za mtaani kulikuwa na hatari kubwa zaidi, ambayo mafundi wa Goma wanaifahamu vizuri mno: kukatika kwa nyutro. Umeme wa mtaani husafiri kwa waya tatu za fezi na moja ya nyutro. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 220. Kati ya fezi mbili kuna 380. Waya wa nyutro ukilegea au ukiibwa, nyumba za fezi mbalimbali hujikuta zimeungana bila msimamizi. Ile yenye vifaa vichache hupokea volti zinazopanda kuelekea 380, na jirani hupokea mabaki. Volti 380 zikinyooshwa hupita 530. Kapasita iliyoandikwa 400 hutoa mlio, moshi na harufu ya samaki aliyeoza. Siku kama hiyo mafundi wa mtaa mmoja hupokea runinga kumi zenye ugonjwa mmoja, na anayejua kazi hupita kwanza kuuliza kama nguzo imetengenezwa, kwa sababu bila hivyo atazitengeneza tena kesho.

Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka hadi ziwani ikipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na eneo la biashara, na maelfu ya nyumba zikaangamia. Watu walirudi baada ya siku chache na kujenga kwa mbao juu ya mwamba uliokuwa bado na joto. Kwa fundi wa umeme mwamba huo ni tatizo la kudumu. Waya wa ardhini huhitaji udongo wenye unyevu. Lava kavu haipitishi umeme vizuri, na fito ya shaba haiingii. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini wa maana.

Jambo hilo lingekuwa dogo mahali pengine. Hapa si dogo, kwa sababu milima iliyo magharibi mwa Ziwa Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Vipimo vya setilaiti ya TRMM kati ya 1998 na 2013 viliiweka Kabare, karibu na Bukavu, mahali pa kwanza Afrika na pa pili ulimwenguni baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga karibu na laini, wimbi la volti husafiri kwenye waya na kuingia katika kila kifaa kilichochomekwa. Kinga iliyopaswa kulipokea ni kidonge kidogo cha rangi ya bluu au njano kiitwacho varista, ambacho hujitoa mhanga kwa kujiunganisha na kukata fyuzi. Katika bodi nyingi za bei rahisi nafasi yake imechapishwa, tundu mbili zimetobolewa, na kidonge chenyewe hakipo.

Kutokana na historia hiyo umezaliwa utaratibu wa uchunguzi. Haukuandikwa popote mjini. Hurithishwa benchi kwa benchi, na ni sahihi kabisa.

Swali la kwanza huulizwa kwa mteja: kilikufa kikiwa kinafanya kazi, au kilikataa kuwaka umeme uliporudi? Jibu hugawa kazi mara mbili. Kisha hutazamwa fyuzi. Ikiwa kioo chake kimekuwa cheusi na kina madoa ya fedha, mkondo mkubwa mno umepita kwa ghafla: kuna shoti upande wa kwanza, na washukiwa ni varista, dayodi za kunyoosha, kapasita kubwa na transista ya kukata. Kuweka fyuzi mpya na kuchomeka tena ni kuongeza hasara. Kabla ya mkono kugusa chochote, kapasita kubwa hupimwa na kumwagwa umeme wake kupitia rezista, maana volti 310 zaweza kukaa humo muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Mafundi wanaoimwaga kwa bisibisi huunguza nyuzi za bodi, na wengine wameumia.

Transista ikikutwa na shoti, fundi mchanga huibadilisha na kufurahi. Fundi mzoefu hupima pia rezista ndogo iliyo kwenye mguu wake, saketi jumuishi inayoiamuru, na dayodi ndogo inayofyonza mshtuko wa transfoma, kwa kuwa transista hufa pamoja na wenziwe na yule mmoja aliyesahaulika ataiua mpya ndani ya nusu sekunde. Ndipo huletwa taa. Balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 huungwa mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo, lakini balbu imebeba mkondo na hakuna kilichoungua. Ikimweka mara moja na kufifia, kapasita imejaa na saketi imeanza kazi. Umoja wa Ulaya ulianza kuondoa balbu hizo sokoni mwaka 2009 na taa za LED zimezifukuza karibu kila nyumba, ila LED haiwezi kufanya kazi hiyo. Fundi huificha balbu yake kama mali.

Fyuzi nzima ni habari tofauti, na ndiyo inayohusu hasa dakika ile ya umeme kurudi. Pawa saplai haianzi yenyewe. Rezista moja yenye ohimu laki kadhaa hudondosha mkondo kidogo kutoka volti 310 kwenda kwenye kapasita ndogo, mara nyingi ya mikrofaradi 22 au 47, na kapasita hiyo ikishajaa ndipo saketi jumuishi huamka na kutoa mapigo ya kwanza. Baada ya hapo transfoma yenyewe huilisha. Runinga au king'amuzi kilichoachwa kwenye plagi kwa miaka hakizimiki kamwe; pawa saplai inaendelea usiku na mchana, na kapasita hiyo ndogo, iliyowekwa karibu na sehemu zenye joto, inakauka polepole. Maji yake yakipungua haina tena nguvu ya kuamsha, ila hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyeiomba iamshe. Umeme unakatika kwa saa sita. Unarudi, safari hii kwa utulivu, bila volti kubwa, bila radi. Na kifaa hakiwaki.

Hapo mwenye nyumba hulaumu umeme, na mara nyingi fundi huunga mkono. Kilichotokea ni uzee uliofichwa na kukosa kuzimwa. Kapasita moja ndogo, inayogharimu pungufu ya bei ya chapati, hurudisha runinga nzima kazini. Inauma kufikiria ni ngapi zimetupwa juu ya lava kwa ajili yake. Wahandisi wana kanuni inayojulikana sana: kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita ya namna hii huongezeka karibu mara mbili. Na kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, dunia nzima ilisumbuliwa na kapasita zenye maji mabovu, nyingi zikiwa za viwanda vya Taiwan, zilizovimba na kupasuka kabla ya wakati. Vifaa vingi vya miaka hiyo viliendelea na safari yao kama mitumba.

Sauti nayo ni kipimo. Pawa saplai inayotoa tik, tik, tik, kila sekunde moja au mbili, imeamka, imekuta mzigo mzito upande wa pili, imejizima, na inajaribu tena. Ugonjwa basi hauko kwake peke yake: hutafutwa dayodi yenye shoti upande wa volti ndogo, au kipande cha kifaa chenyewe kinachovuta kupita kiasi. Kitaa kinachopepesa hutazamwa pamoja na vichwa vya kapasita. Kilichovimba hubadilishwa, na kisichovimba hupimwa bado, kwa sababu kapasita nyingi hukauka zikiwa na sura nzuri.

Kwenye benchi hilo kuna kitu ambacho Goma inakijua kutoka upande wa pili. Lehemu ya kawaida ina bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku risasi katika vifaa vya umeme tarehe 1 Julai 2006, lehemu ya viwandani imekuwa bati karibu tupu. Mawe ya bati kutoka machimbo ya Bisie, wilayani Walikale, yalisafirishwa kwa ndege ndogo hadi Goma, yakauzwa kwenye maghala ya madini ya mji huu na kuyeyushwa Malaysia na Thailand. Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, huenda kutengeneza kapasita za tantalamu, zile ndogo zisizokauka, zinazowekwa kwenye simu na kompyuta. Mwaka 2000 bei yake ilipanda mara kadhaa na vita vikapata fedha. Fundi wa Goma anayeng'oa kapasita iliyokauka kwenye runinga ya bei rahisi yuko kilomita zisizofika 60 kutoka Rubaya, na kapasita atakayoweka badala yake imevuka bahari mbili.

Umeme wenyewe ulianza kubadilika. Desemba 2015 bwawa la Matebe katika wilaya ya Rutshuru, mradi wa Hifadhi ya Virunga wenye megawati 13.8, lilizinduliwa, na miaka michache baadaye nguzo mpya zenye mita za kulipia kabla zikafika Goma. Februari 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini. Nyumba zilizohama kutoka laini ya zamani zilipata volti zinazokaa mahali pamoja, na hilo peke yake liliwapunguzia mafundi kazi ya aina moja. Wakati huohuo ving'amuzi vya Canal+ na StarTimes vilienea, na pawa saplai ya king'amuzi mara nyingi hukaa nje, kwenye adapta ya volti 12. Ikifa, hununuliwa nyingine. Anayeishi Idjwi au kijiji cha ziwani, mwenye paneli ya jua na betri, hana haja hata ya adapta: volti 12 za betri huingia moja kwa moja, na sehemu dhaifu kuliko zote imerukwa.

Utulivu haukudumu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena na mji ukapoteza umeme sehemu kubwa. Mwanzoni mwa 2024 vita vya waasi wa M23 vilifunga barabara ya Sake na Minova, na bidhaa za chakula zikahamia majini. Boti zilizofika Kituku zilijaa kupita kiasi, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi ilizama karibu kabisa na gati, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Laini za umeme ziliharibiwa katika mapigano, pampu zikasimama, na mji wa watu zaidi ya milioni ukateremka ziwani na bidoni, Kituku ikiwa mojawapo ya sehemu zilizojaa, huku kipindupindu kikihofiwa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyefikiria runinga. Umeme ulirudi kwa vipande, mtaa baada ya mtaa, ukaja na kukatika na kuja tena.

Kurudi kwa namna hiyo ndiko kubaya zaidi. Katika sekunde za kwanza kila friji na kila pampu ya mtaa huvuta mkondo wa kuanzia kwa pamoja, volti huanguka, kisha hupanda kupita kiasi mizigo inapojitoa. Kile kisanduku kinachochomekwa kati ya ukuta na runinga, kinachosubiri dakika chache za volti njema kabla ya kufungua, kilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo, na mafundi wengi humsihi mteja akinunue kabla hata ya kumtajia bei ya matengenezo. Asiye na uwezo hushauriwa kuchomoa plagi umeme ukikatika na kusubiri taa ikae bila kutetemeka.

Siku hizi kuna njia ya mkato. Maduka ya vipuri huuza moduli ya Kichina yenye nyaya tatu hadi tano, inayochukua nafasi ya transista, saketi jumuishi na optokapla kwa mkupuo. Kwa runinga za kioo ilifanya kazi vizuri, na vijana wengi walianza ufundi kwa kuunganisha nyaya hizo bila kujua kilichokufa ni nini. Runinga za LED zimewakwamisha. Bodi ya pawa saplai ya runinga hizo mara nyingi hubeba pia saketi inayowasha taa za nyuma ya skrini, yenye volti zinazotofautiana kwa kila modeli. Sauti inasikika, skrini ni nyeusi, na moduli haina jibu. Basi benchini inarudi mita, inarudi balbu ya wati 100, na kijana anapiga tochi ya simu kwenye kioo ili kuona kama picha hafifu ipo nyuma ya giza. Ikiwepo, ugonjwa uko kwenye taa au saketi inayoziwasha. Isipokuwepo, anaanza uchunguzi upya.